Namna ya Kupima Kama Studio ya Katuni Imezidisha Filamu za Mwendelezo

Kila inapotangazwa kwamba filamu fulani ya katuni itapata sehemu ya nne au ya tano, malalamiko huwa yale yale: studio zimeishiwa na hadithi, sasa zinatafuta fedha tu. Wanaozitetea nao hujibu kwamba watazamaji wenyewe ndio wanaojaza kumbi za sinema, kwa hiyo hawana haki ya kulalamika. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini hakuna inayoweza kuthibitishwa wala kupingwa mpaka mtu akae na orodha ya filamu za studio moja, miaka yake na mapato yake, azihesabu kwa kanuni isiyobadilika katikati ya safari. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hesabu hiyo, na unamfaa anayeandika uhakiki, anayejiandaa kwa mdahalo, au anayetaka tu kujua ukweli uko wapi.

Mfano mkuu ni Pixar ya Marekani, kwa sababu ni miongoni mwa studio zinazolaumiwa sana kwa jambo hili, na kwa sababu orodha yake inatosha kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Nitangulize msimamo wangu mapema: idadi ya filamu za mwendelezo ikisimama peke yake ni kipimo dhaifu. Kinachoonyesha zaidi hali ya studio ni namna inavyoitendea filamu yenye hadithi mpya siku ya kuitoa inapofika.

Amua kwanza unahesabu nini

Mabishano mengi huharibika hapa, kabla hata hesabu haijaanza. Sehemu ya pili inayoendeleza pale ya kwanza ilipoishia haina utata, lakini Monsters University ya mwaka 2013 inasimulia mambo yaliyotokea kabla ya filamu iliyoitangulia, na Lightyear ya 2022 inamhusu mwanaanga ambaye mwanasesere wa Toy Story aliigwa kutoka kwake. Kanuni ninayopendekeza ni swali moja: je, mtazamaji anayekata tiketi tayari anamfahamu mhusika mkuu kutokana na filamu nyingine? Jibu likiwa ndiyo, filamu hiyo iende upande wa mwendelezo, hata kama watengenezaji wake wameipa jina jingine.

Filamu zilizotokana na vitabu zinahitaji safu yake. Shrek ya 2001 ilitokana na kitabu cha William Steig cha mwaka 1990. Studio Ghibli ya Japani, ambayo karibu haitengenezi mwendelezo kabisa, ilichukua Kiki's Delivery Service kutoka kwa mwandishi Eiko Kadono na Howl's Moving Castle kutoka kwa Diana Wynne Jones. Ukiwa na safu mbili tu, mpya na isiyo mpya, utajikuta umeiweka Ghibli kapu moja na kampuni inayotoa sehemu ya sita ya kitu kile kile, jambo ambalo hakuna mpenzi wa katuni atakayelikubali. Chora safu tatu: hadithi mpya, hadithi iliyochukuliwa kutoka kitabu, ngano au mchezo, na mwendelezo.

Jambo la mwisho hapa ni kutenganisha studio na kampuni inayoimiliki. Disney inamiliki Pixar na pia ina studio yake kongwe, Walt Disney Animation Studios, na hizi ni nyumba mbili zenye wasanii na wakuu tofauti. Sisi tunaomfahamu Simba kwa jina lake tunaweza kuliona hili kwa urahisi. Filamu yake ya 1994, The Lion King, ilitoka kwenye studio kongwe, ile ya 1998 ilitengenezwa na kitengo kingine na kupelekwa moja kwa moja kwenye kanda za video, na zile za 2019 na 2024 zilifanywa kwa mitambo ya kompyuta nje ya studio hiyo. Jina ni moja, lakini anayebeba lawama si mmoja.

Andika orodha nzima, kisha igawe kwa vipindi

Usichague filamu unazozikumbuka, kwa kuwa zinazokumbukwa ndizo zilizotangazwa sana, na zinazotangazwa sana mara nyingi ni za mwendelezo. Andika zote kuanzia ya kwanza. Kwa Pixar, kuanzia Toy Story ya Novemba 1995 hadi Elio ya Juni 2025, utapata filamu ndefu 29, na kati ya hizo 19 ni za hadithi mpya na 10 ni za mwendelezo kwa kanuni tuliyoiweka. Ukiishia hapo utasema studio haina tatizo, kwani karibu theluthi mbili ni mpya.

Sasa igawe. Kuanzia 1995 hadi 2009 kuna filamu 10, na mwendelezo ni mmoja tu, Toy Story 2. Kuanzia 2010 hadi 2019 kuna filamu 11, na mwendelezo ni 7: Toy Story 3, Cars 2, Monsters University, Finding Dory, Cars 3, Incredibles 2 na Toy Story 4. Zilizosalia ni Brave, Inside Out, The Good Dinosaur na Coco. Kuanzia 2020 hadi 2025 kuna filamu 8, na mwendelezo ni 2 tu, Lightyear na Inside Out 2. Wastani wa miaka thelathini ulikuwa umeficha muongo mmoja uliojaa mwendelezo, na umeficha pia kwamba lawama ziliendelea kwa nguvu hata pale studio ilipokuwa imekwisha kurudi kwenye hadithi mpya.

Kipimo kizuri zaidi kuliko maoni ya mhakiki ni ahadi ya studio yenyewe, kama ipo. Mwaka 2013 Ed Catmull, aliyekuwa rais wa Pixar, alieleza kwamba lengo lao lilikuwa kutoa filamu moja yenye hadithi mpya kila mwaka na mwendelezo mmoja kila baada ya mwaka, yaani mpya mbili kwa mwendelezo mmoja. Kuanzia 2014 hadi 2019 walitoa mpya 3 na mwendelezo 4. Mwaka 2014 haukuwa na filamu hata moja, kwa sababu The Good Dinosaur ilibadilishiwa mwongozaji na kusogezwa mbele hadi 2015. Hapo lawama inasimama juu ya msingi imara, kwani tunawapima kwa rula waliyoichonga wenyewe.

Tafuta sababu iliyo nyuma ya orodha

Filamu moja ya katuni ya kiwango hiki huchukua takribani miaka minne au mitano kutengenezwa, na kwa hiyo orodha ya mwaka huu ni matokeo ya maamuzi ya zamani. Ukiona idadi imebadilika ghafla, rudi nyuma miaka mitano uangalie nani alikuwa na mamlaka na mkataba ulisemaje.

Kwa Pixar, majibu yanapatikana. Mwaka 1997 ilitia saini mkataba na Disney wa kutengeneza filamu tano na kugawana gharama na faida nusu kwa nusu. Toy Story 2 ilipotoka mwaka 1999, Disney haikuihesabu miongoni mwa zile tano, kwa kuwa ilikuwa mwendelezo. Tafakari maana yake: katika miaka ambayo watu huisifu Pixar kwa usafi wa ubunifu, kila mwendelezo ambao ingetengeneza usingeipunguzia deni lake la kimkataba hata kidogo. Sisemi kwamba wasanii wake hawakupenda hadithi mpya, ila nasema kwamba mkataba ulikuwa unawasukuma upande huo huo.

Haki ya kuendeleza hadithi zile ilikuwa mikononi mwa Disney, na mahusiano ya pande mbili yalipoharibika Disney ilianzisha kitengo kilichoitwa Circle 7 ili kitengeneze Toy Story 3 bila Pixar. Kitengo hicho kilifungwa mwaka 2006, Disney ilipoinunua Pixar kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.4, na Pixar yenyewe ikaanza kuiandika Toy Story 3 upya. Filamu hiyo ilitoka 2010, mwaka ule ule ambao hesabu yetu inageuka. Mtu aliyehesabu bila kusoma mkataba angeandika kwamba wabunifu walichoka.

Soma mapato kwa uangalifu

Tarakimu za mapato zinapatikana bure mtandaoni, na ndiyo sababu zinatumiwa vibaya sana. Kumbuka kwamba mauzo ya tiketi si faida, kwani kumbi za sinema hubaki na takribani nusu, na bajeti inayotangazwa haijumuishi gharama za matangazo. Lightyear iliyogharimu dola milioni 200 na kuuza tiketi za takribani dola milioni 226 duniani kote ilipata hasara, ingawa namba ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ni mwendelezo pia, kwa hiyo anayedai kwamba mwendelezo ni fedha za uhakika aiweke mezani.

Usihukumu kwa wikendi ya kwanza. Elemental ya 2023 ilifungua kwa chini ya dola milioni 30 nchini Marekani na Kanada, magazeti yakaizika, kisha watu wakaambizana, na ilipoondoka kumbini ilikuwa imekaribia dola milioni 500 duniani. Hadithi mpya hutegemea sifa za mdomo na huhitaji wiki kadhaa, ilhali mwendelezo huingia ukiwa tayari na watu wanaousubiri. Inside Out 2 ilifungua mwaka 2024 kwa takribani dola milioni 154 katika soko lile lile na kufikisha karibu bilioni 1.7 duniani, maradufu ya ile ya kwanza iliyopata takribani milioni 858.

Ongeza pia safu ya bidhaa. Cars haikuwa miongoni mwa filamu zilizosifiwa sana na wahakiki, lakini mauzo ya vichezeo, mabegi na nguo zake yaliripotiwa kukaribia dola bilioni 10 kabla ya sehemu ya pili kutoka mwaka 2011. Anayeshangaa kwa nini magari yale yalipata filamu tatu hajawahi kuingia duka la vitu vya watoto.

Angalia filamu inatolewa kwa mlango gani

Hiki ndicho kipengele ambacho wahesabuji wengi hukiruka, nami nakiona kizito kuliko vyote. Rudi kwenye zile filamu 8 za 2020 hadi 2025. Onward ilitoka Machi 2020, siku chache kabla kumbi hazijafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Soul ya Desemba 2020, Luca ya 2021 na Turning Red ya Machi 2022 zote zilipelekwa kwenye huduma ya mtandaoni ya Disney+ bila kusambazwa kwenye kumbi kote nchini Marekani, na zote tatu zilikuwa za hadithi mpya. Kwa Soul, janga lilikuwa sababu ya kutosha. Kwa Turning Red, kumbi zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na watu walikuwa wakijazana kutazama filamu nyingine. Filamu ya kwanza ya Pixar kurudishwa kumbini, miezi mitatu baadaye, ilikuwa Lightyear.

Sasa weka jambo la pili pembeni mwa hilo. Moana 2, ya studio kongwe ya Disney, ilianza kutengenezwa kama mfululizo wa vipindi vya Disney+. Mapema mwaka 2024 kampuni ikatangaza kwamba itakuwa filamu ya kumbini, ikatoka Novemba mwaka huo na kuvuka dola bilioni 1. Hadithi mpya ziliondolewa kumbini zikapelekwa nyumbani, na mwendelezo ukaondolewa nyumbani ukapelekwa kumbini. Ukiyaandika haya mawili kwenye ukurasa mmoja, huhitaji tena kuuliza mmiliki anathamini nini.

Soul, Luca na Turning Red zilipata nafasi ya kumbini Marekani mwanzoni mwa 2024, miaka baada ya kila familia iliyotaka kuziona kuwa imeziona. Kisha Elio ikatoka Juni 2025, wiki moja baada ya How to Train Your Dragon iliyotengenezwa upya kwa waigizaji halisi, huku Lilo & Stitch ya Disney yenyewe, nayo ya kutengenezwa upya, ikiwa bado kumbini ikielekea kuvuka bilioni 1. Elio ilifungua kwa takribani dola milioni 21, ufunguzi mdogo kuliko wote katika historia ya Pixar. Wapo waliosema hapo kwamba watazamaji hawataki hadithi mpya. Mimi nasema kwanza tazama kalenda.

Kwa hiyo katika jedwali lako ongeza safu mbili: tarehe ya kutoka, na mahali ilipotoka, kumbini au mtandaoni. Ukipata nafasi, ongeza filamu fupi na mikusanyiko pia, kwa sababu hadithi mpya nyingi hujificha huko. Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za waongozaji wa Kiafrika, wakiwemo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda, ulitolewa na Disney+ mwaka 2023. Hizo ni hadithi mpya 10 kwa mpigo, na hesabu ya filamu za kumbini haina habari nazo.

Pima mwendelezo wenyewe

Si haki kuuhukumu mwendelezo kwa kuwa tu ni mwendelezo. Toy Story 2 ilianza kama kazi ya kanda za video na kufumuliwa karibu yote katika miezi ya mwisho, ikawa miongoni mwa kazi bora za studio. Swali la kuuliza ni hili: je, kuna jambo katika filamu hii ambalo lisingeweza kutokea katika ile ya kwanza, kwa sababu mhusika alikuwa bado hajafika hapo?

Chukua Inside Out 2. Msichana Riley, aliyekuwa na miaka 11 katika ile ya kwanza, sasa ana 13 na yuko kwenye kambi ya mpira wa magongo wa barafuni. Karibu na mwisho anakaa kwenye boksi la wachezaji waliotolewa kwa adhabu, kifua kimembana na pumzi hazitulii. Ndani ya kichwa chake, ambamo kila hisia ni mhusika, mhusika mpya, Wasiwasi, anazunguka mitambo kwa kasi kiasi kwamba amekuwa ukungu wa rangi ya chungwa, na katikati ya ukungu huo yeye mwenyewe amesimama kaganda, chozi likimlenga, asiweze kuachia. Riley wa miaka 11 alijua huzuni ya kuhama mji, lakini hakuwa amefika umri wa kujitazama kwa macho ya wenzake hata akose pumzi. Filamu inaistahili nafasi yake.

Chukua sasa Cars 2. Katika ya kwanza, gari la mashindano liitwalo McQueen linaacha kombe mita chache kabla ya mstari wa mwisho ili limsukume mpinzani aliyepata ajali. Ya pili inamweka pembeni na kumfuata rafiki yake Mater, anayedhaniwa kuwa jasusi, kutoka Tokyo hadi London, na mabadiliko yale ya McQueen hayana kazi yoyote humo. Ikawa filamu ya kwanza ya Pixar kukosa hata kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya katuni tangu tuzo hiyo ilipoanzishwa.

Linganisha, kisha andika hukumu finyu

Studio moja haitoshi. Illumination, wenye Minions, ilitoa filamu 8 kuanzia 2017 hadi 2024, na Migration pekee ndiyo isiyo mwendelezo wala iliyochukuliwa kutoka kitabu au mchezo wa video. Cartoon Saloon ya Ireland ilitoa The Secret of Kells, Song of the Sea na Wolfwalkers bila kuendeleza hata moja, kwa bajeti ndogo mno ukilinganisha na za Marekani. Blue Sky inaonyesha kisima kinavyokauka: Ice Age ya nne mwaka 2012 iliuza takribani dola milioni 877, ya tano mwaka 2016 ikashuka chini ya nusu ya hapo, na mwaka 2021 Disney, iliyokuwa imeirithi studio hiyo, ikaifunga.

Hukumu iandikwe kwa kutaja studio, kipindi na kipimo. Yangu ni hii: kati ya 2010 na 2019 Pixar ilizidisha mwendelezo, kwa kipimo cha lengo lake yenyewe, tangu 2020 haijazidisha kwa idadi, lakini mmiliki wake amezinyima hadithi mpya mlango wa mbele. Illumination imezidisha kwa hesabu yoyote utakayoitumia, ingawa haijawahi kujitangaza kuwa kitu kingine. Sentensi yenye mipaka kama hiyo inaweza kupingwa kwa tarakimu, na ndiyo maana ina thamani.

Jedwali likikamilika, liache wazi upande wa chini. Kwa mwaka 2026 Pixar ilipanga Hoppers, hadithi mpya, mwezi Machi, na Toy Story 5 mwezi Juni. Incredibles 3 na Coco 2 nazo zimetangazwa. Zilizotangazwa ziingize kwa penseli, kwa kuwa tarehe husogezwa na waongozaji hubadilishwa. Pembeni weka safu nyembamba ya filamu zilizofutwa, kama Newt, hadithi mpya ya Pixar iliyotangazwa mwaka 2008 na kufutwa 2010, kwani bila safu hiyo utahesabu hadithi mpya zilizotolewa tu, usijue ni ngapi zilijaribiwa.